Siku saba na mkoba wa sauti, kutoka Kalenga hadi Lyulilo

Jumapili, Iringa mjini

Filamu ya makala tunayoifanyia kazi inahusu nyanda za juu kusini, na picha zake zilikwisha kupigwa mwezi Februari. Sauti iliyonaswa kwa maikrofoni ya juu ya kamera haikufaa: penye upepo inanguruma, penye mazungumzo wasemaji wanasikika kana kwamba wako chumba cha pili, na kila mahali mikono ya mpiga picha inasikika ikishikashika kamera. Kwa hiyo tumerudi watu wawili, mimi na kijana anayejifunza kazi hii, kuzinasa upya sauti za mahali palepale katika siku saba za katikati ya Mei. Tutasafiri kwa basi, kosta na bodaboda, kwa sababu fedha iliyobaki haitoshi kukodi gari la safari nzima.

Sharti hilo la usafiri limechagua vifaa kabla yangu. Kila kitu lazima kienee katika mikoba miwili ya mgongoni, na mwenye mkoba aweze kupanda kilima nao kisha asimame kimya dakika kumi bila kuhema, kwa maana maikrofoni nzuri husikia pumzi ya anayeishika. Asubuhi nimevitandaza vyote kitandani, nikaviondoa vile ambavyo sikuweza kueleza vitatumika siku gani, kisha tukaipeleka mikoba sokoni kwa muuza maharage, ambaye alitupimia kwa ukarimu: wangu kilo 9 na nusu, wa kijana kilo 7.

Kinasa kikubwa ni Zoom F6, chenye viingilio sita vya XLR, yaani kebo nene za maikrofoni, kilichoingia sokoni mwaka 2019. Nilikuwa na nafasi ya kuazima MixPre-6 II ya Sound Devices, kampuni ya Marekani, ambayo ilitoka mwaka huohuo na ambayo binafsi naipenda zaidi kwa utulivu wa viingilio vyake na kwa vitufe vyake vinavyoshikika hata gizani. Nimeiacha kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba inakula betri sana, na huko tuendako hatujui tutalala penye umeme siku ngapi. F6 hukubali betri za kamera za aina ya NP-F, betri nne ndogo za AA, au pawabenki kwa tundu la USB-C, na njia tatu za kupata umeme ni bora kuliko moja. Kinasa cha pili ni Zoom F3, kidogo cha kuenea kiganjani, chenye viingilio viwili tu.

Niseme wazi jambo ninaloliamini, kwa sababu nimeliona likiwagharimu wengi wanaoanza. Sauti nyingi zinazoharibika huharibika kabla hazijakifikia kinasa: hewani kwenye upepo, chumbani kwenye mwangwi, mkononi mwa mshika fimbo ya maikrofoni, au kwenye kebo iliyochoka. Hata hivyo, karibu kila kijana anayeniuliza anunue nini huanza kwa kuuliza kinasa. Mimi mwenyewe nilianza hivyo, na kwa mwaka mzima nilikuwa na kinasa kizuri kilichonasa ngurumo za upepo kwa uaminifu mkubwa. Leo nikipewa fedha ya kuanza upya, ningenunua kwanza maikrofoni moja pamoja na kinga yake kamili ya upepo, kisha hedifoni, kisha kebo mbili nzuri, na kinachobaki ndicho kingeamua kinasa.

Jumatatu, kijiji cha jirani na Kalenga

Tumefika kwa mzee mpiga ligombo saa tatu asubuhi. Tulimsalimia kwa Kihehe, "Kamwene," akafurahi, kisha kijana akaongeza shikamoo yake, na tukakaribishwa ndani tukanywa chai kabla ya kugusa kifaa chochote. Ligombo ni ala yenye sauti ndogo: ubao uliochongwa kama hori, uzi mmoja uliopitishwa huku na huku juu yake ukawa nyuzi kadhaa, na kibuyu cha kuikuzia sauti. Mzee huimba akiwa ameinamia ala yake, karibu kama anayemnong'oneza mtu, na mtu aliyekaa upande wa pili wa chumba hupoteza nusu ya anachosikia.

Sauti ndogo namna hii ndiyo inayodhihirisha kelele ya ndani ya maikrofoni, yaani ule mvumo mwembamba ambao kila maikrofoni hujitengenezea yenyewe. Hupimwa kwa desibeli, na kadiri tarakimu inavyokuwa ndogo ndivyo maikrofoni inavyokuwa tulivu. Sennheiser MKH 416, ndefu kiasi cha sentimita 25, ina desibeli 13, ilhali maikrofoni nyingi ndogo za bei nafuu hupita 20. Kwa mtu anayepaza sauti sokoni tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwa ligombo, ni tofauti kati ya kusikia ukucha wa mzee ukiugusa uzi na kusikia mvua isiyokuwepo.

Nilimwachia kijana achague, naye akachukua 416, kwa kuwa ndiyo aliyoiona katika picha za kila seti ya filamu. Nilimwacha arekodi wimbo mmoja mzima, kisha nikampa hedifoni asikilize. Alikunja uso. Sauti ilikuwa na utupu ndani yake, kama ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye pipa. Maikrofoni hii huchagua mwelekeo kwa msaada wa bomba refu lenye matundu ubavuni, ambalo huzifanya sauti zitokazo pembeni zifutane zenyewe kwa zenyewe. Lakini hufanya hivyo kwa sauti nyembamba kuliko nzito, na katika chumba kidogo chenye kuta za matofali ya kuchoma, kila sauti ya pembeni hurudi mara kumi ikiwa imebadilika rangi. Nje ni malkia, ndani ya chumba kidogo inasumbua. Tukaibadilisha kwa maikrofoni fupi isiyo na bomba, yenye mwelekeo mwembamba, tukaiweka sentimita 60 kutoka kwenye kibuyu, ikitazama katikati ya kibuyu na kinywa.

Jua lilipopanda, bati la paa likaanza kudatika kwa joto. Hakuna kifaa kinachoondoa mlio huo, na hakuna mashine ya studio itakayouondoa bila kuondoa pia nyuzi. Mzee mwenyewe ndiye aliyetupa ufumbuzi: "Wanangu, ligombo halipendi bati. Twendeni chini ya mparachichi." Tulikwenda, na kule nje 416 ikarudishwa kazini.

Kabla ya hapo tulikuwa na tatizo lingine dogo. Tulitaka maelezo yake kwa maikrofoni ya kubana shatini, na kila baada ya dakika chache ulisikika mlio wa titi-titi-titi. Ilikuwa simu yake ndogo ya vitufe mfukoni, ikiwasiliana na mnara, na waya mwembamba wa maikrofoni ile ulikuwa ukiyapokea mawimbi yake kama antena. Nilimwomba kwa heshima tuiweke simu jikoni kwa mama, naye akakubali mara moja. Nimejifunza kuliomba jambo hili mwanzoni kabisa, pamoja na chai.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi ngoma na ala za Tanganyika, na miaka minne baadaye akaanzisha nchini Afrika Kusini maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika. Alisafiri na gari lililobeba mitambo na jenereta. Nilimfikiria sana leo chini ya mparachichi, nikiwa nimeshika mkononi kinasa kisichozidi uzito wa pakiti ya unga wa nusu kilo kwa mengi, na ambacho hakingurumi. Mzigo umepungua, lakini swali la kwanza halijabadilika: maikrofoni iwekwe wapi, na umbali gani?

Jumanne, njiani hadi Chimala

Leo hatukurekodi chochote. Basi la asubuhi limetupitisha Mafinga na Makambako, na jioni tumeshukia Chimala. F6 nimeipakata mapajani safari nzima, kwa kuwa mtikisiko wa saa nyingi kwenye buti hulegeza skrubu za viingilio.

Nimempa kijana historia kidogo ili muda upite. Kabla ya mwaka 1951, kurekodi vizuri nje ya studio mara nyingi kulihitaji gari. Mwaka huo Stefan Kudelski, mhandisi mzaliwa wa Warsaw aliyeishi Uswisi, alitengeneza kinasa cha kubebeka akakiita Nagra, neno la Kipolandi lenye maana ya "itarekodi". Vinasa vyake vya utepe vilivyofuata vilitumika katika filamu na redio kwa miongo mingi. Kijana aliuliza kwa nini basi watu waliokuwa na utepe tu walileta sauti nzuri kuliko nyingi za leo. Nilimwambia kwamba utepe ulikuwa ghali na mfupi, kwa hiyo walisikiliza kwanza kabla ya kubonyeza.

Usiku umeme umekatika gesti. Tumechaji betri za NP-F kwa pawabenki, na nimenakili mafaili ya jana kwenye diski ndogo ya pili kabla ya kulala. Hesabu yake ni rahisi na kila mrekodi aijue kichwani: sauti ya njia mbili kwa kilohezi 48 na biti 24 hula karibu gigabaiti 1.04 kwa saa, na kwa biti 32 hula 1.38.

Jumatano, Hamsini na Saba hadi Kitulo

Barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba huitwa Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Tumeipanda kwa bodaboda mbili, kila mmoja na mkoba wake kifuani, si mgongoni, kwa sababu mgongoni mzigo humvuta mtu nyuma kila pikipiki inapopinda kupanda. Kebo zote nilizichomoa kabla ya kuondoka. Kiingilio cha XLR kilichoachwa na kebo yake huchukua mtikisiko wote kama mkono wa mlango, na hupasuka kwa ndani, mahali ambapo fundi wa kijijini hawezi kukifikia.

Uwanda wa Kitulo, uliopo mita zaidi ya 2,600 juu ya usawa wa bahari, ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Msimu mkubwa wa maua umepita. Kilichopo leo ni nyasi na upepo, na upepo ndio tuliouendea, kwa kuwa mwongozaji wa filamu anataka sauti ya nyasi za Kitulo na si ya kitu kingine chochote.

Hapa ndipo kijana alipokuja na imani ambayo nimekwisha kuisikia kwa wengi. Vinasa vyetu vyote viwili hurekodi kwa biti 32 za nukta inayoelea, mfumo ambao huwezi kuujaza: sauti ikizidi kiwango cha juu kabisa cha kawaida, faili bado inaibeba nzima, na baadaye mezani unaishusha bila mpasuko. F3 haina hata kitufe cha kuweka kiwango cha kuingiza sauti. "Sasa kaka," alisema, "si tuache ile kinga ya manyoya kwenye mkoba? Tukizidiwa tutashusha baadaye."

Nilimwambia afanye hivyo. Alisimama na 416 ikiwa na kofia yake ya sifongo tu, akarekodi dakika mbili. Kisha tukasikiliza, tukashusha kiwango kwa desibeli 20, na ngurumo ikabaki palepale, ndogo zaidi lakini ileile, ikiwa imezifunika nyasi kabisa. Biti 32 huokoa sauti iliyozidi ndani ya kinasa. Haziokoi kitu kilichoharibika mbele ya kinasa. Upepo unapoipiga maikrofoni moja kwa moja, kiwambo chake, yaani utando mwembamba unaotikiswa na sauti, husukumwa hadi mwisho wa uwezo wake, na kinachotoka ni ngurumo tupu ambayo ndani yake hakuna nyasi za kuokolewa. Hali kadhalika kwa sauti kubwa mno: 416 ina kikomo cha desibeli 130, na ukikipita, umeme unaotoka umekwisha kupasuka kabla haujaingia kwenye kebo.

Kinga halisi ina sehemu mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni kikapu, tundu refu la plastiki lililovalishwa kitambaa chepesi, ambalo ndani yake maikrofoni huning'inia katikati ya hewa iliyotulia. Kadiri hewa hiyo inavyokuwa nyingi ndivyo kinga inavyokuwa nzuri, na ndiyo sababu vikapu vizuri ni vikubwa na vinatia aibu kubeba kwenye kosta. Ya pili ni koti la manyoya marefu ya bandia juu ya kikapu, ambalo kazi yake ni kuvunjavunja upepo kidogo kidogo ili usigonge ukuta wa kikapu kwa mkupuo. Chetu ni cha Rycote, Waingereza ambao wamejenga jina lao juu ya kazi hii moja. Kikapu hiki na koti lake vimechukua nusu ya mkoba wangu, na nilipokuwa nikipunguza mizigo Jumapili sikuwahi kufikiria kukiacha.

Tulipokivaa, ngurumo iliondoka, na nyuma yake zikatokea nyasi: si mvumo mmoja, bali mawimbi yanayopita kutoka kushoto kwenda kulia, na katikati yake ndege mmoja mdogo aliyekuwa akiita muda wote huo bila sisi kujua. Kijana hakusema kitu. Aliongeza dakika kumi ambazo sikumwagiza.

Jioni tumemwacha F3 nje peke yake, ndani ya kifuko cha plastiki chini ya kichaka, pamoja na maikrofoni mbili ndogo za kondensa zilizotenganishwa kwa sentimita 40, arekodi usiku kucha kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Saa 12 kwa biti 32 ni gigabaiti 16.6, na kadi ni ya 32. Pawabenki tuliyomfungia niliijaribu nyumbani kwa usiku mzima kabla ya safari, kwa kuwa pawabenki nyingi hujizima zinapoona kifaa kinakula umeme kidogo mno, na kinasa kidogo hula kidogo.

Alhamisi, Kitulo hadi Tukuyu

Tumeamka saa kumi na nusu usiku kwenye baridi kali. Betri za leo nimelala nazo ndani ya blanketi, kwa maana betri iliyopoa huonekana imekwisha kumbe bado ina nguvu.

Kwa mapambazuko nilitumia jozi ya maikrofoni za Sennheiser niliyoazima, MKH 40 na MKH 30, zikiwa ndani ya kikapu kimoja. Ya kwanza inasikiliza mbele, ya pili inasikiliza kushoto na kulia tu, na baadaye mezani zinajumlishwa kupata sikio la kushoto na kutolewa kupata la kulia. Ninaupenda mpango huu kwa filamu kuliko jozi ya maikrofoni zilizotenganishwa, kwa sababu upana wa sauti unaweza kuuamua baada ya kuiona picha, na kwa televisheni ya spika moja hakuna kinachopotea. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikumwona kijana aliyekuwa hatua 20 kutoka kwangu, na manyoya ya kikapu yalilowa. Koti lililolowa hufifisha sauti nyembamba, kwa hiyo kila robo saa nilikipeleka kikapu kando, nikakikung'uta kwa nguvu kama mtu anayekung'uta mwavuli, nikarudi.

Kosa lilitokea saa moja na nusu. Kijana alikwenda kumchukua F3 na zile maikrofoni mbili ndogo, vyote vikiwa na baridi ya usiku mzima, akaviingiza moja kwa moja kwenye jiko la mama aliyetupikia, penye sufuria ya uji inayochemka, ili vipate joto. Kwa dakika chache vililoana kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Nia yake ilikuwa njema na kosa lilikuwa langu, maana sikumweleza. Kifaa kilichopoa kinapaswa kufungwa ndani ya mfuko mkavu usiopitisha hewa kikiwa bado nje, kisha kiingizwe ndani na kiachwe humohumo hadi kipate joto la chumba, ili mvuke ugande juu ya mfuko na si juu ya kiwambo.

Faili la usiku, namshukuru Mungu, lilikuwa zima: vyura kwa saa tatu za kwanza, kisha upepo, kisha ukimya ambao sijawahi kuupata popote kwingine katika nchi hii. Tuliteremka na gari la viazi kupitia Isyonje hadi Tukuyu, kwenye mvua.

Ijumaa, msitu wa Rungwe, kisha Matema

Tumeingia msituni alfajiri pamoja na mwongoza wageni wa hifadhi. Huku hewa yenyewe ni maji. Nilizifunga zile maikrofoni mbili ndogo kwenye F6 kuzijaribu, na zikaanza kutoa mipasuko midogo kama ya chumvi kwenye kikaango. Kondensa ya kawaida hutegemea chaji ya umeme inayokaa kwenye kiwambo chembamba sana. Unyevu ukiingia, chaji huvuja, na kila uvujaji husikika. Zote mbili zikarudi kwenye kopo lenye vifuko vya silika vya kufyonza unyevu.

Maikrofoni za jamii ya MKH hazikutoa mpasuko hata mmoja, ingawa zilikuwa zimelowa usiku uleule. Ndani yake kiwambo hakishikilii chaji kubwa, bali hubadilisha mkondo wa mawimbi ya redio yanayozunguka humohumo ndani, na mpango huo haujali unyevu. Bei yake ni kubwa, na sijifanyi kwamba si kubwa. Kwa anayefanya kazi mijini na studioni singemshauri aingie deni kwa ajili hiyo. Kwa Rungwe, Kitulo, Uporoto na kila penye ukungu wa asubuhi, ningemwambia aazime moja kuliko kununua tatu za kawaida.

Tulikuwa tunamngojea kipunji, nyani wa msitu huu. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua na kumtaja kabla watafiti hawajamwona hapa Rungwe mwaka 2003, na alipotangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, mlio wake, unaochanganya mkoromo na mbweko, ulikuwa mojawapo ya sababu za kumtenganisha na nyani wengine waliofikiriwa kuwa ndugu zake. Mwongozaji wa filamu anautaka sana mlio huo. Tatizo ni kwamba hautoi taarifa. Niliwasha kwenye F6 kile kipengele kinachohifadhi daima sekunde chache zilizopita, ili unapobonyeza kitufe baada ya kusikia, faili lianze kabla ya kidole chako. Saa mbili na dakika kumi mlio ukatoka juu ya bonde, mara moja, mbali. Nilibonyeza nikiwa nimechelewa, na mlio wote ukawemo ndani ya faili, pamoja na matone ya majani na kikohozi kimoja cha mwongoza wageni, ambaye aliomba radhi mara tatu. Nilimwambia kikohozi kimekuja baada ya mnyama, na kwamba hilo ndilo muhimu.

Mchana tumeteremka kwa kosta hadi Matema, kwenye joto la Ziwa Nyasa, mita zaidi ya elfu mbili chini ya mahali tulipoamka jana. Mikoba sikuifungua hadi saa moja usiku.

Jumamosi, mnadani Lyulilo

Wanawake wa Kikisi huleta vyungu vyao hapa kila Jumamosi, vingine kwa mitumbwi. Nimeacha kila kitu gesti isipokuwa F6 kwenye mkoba wa begani, 416 ndani ya kikapu, fimbo fupi na hedifoni zilizofunga masikio. Katikati ya watu wengi, mtu mwenye fimbo ndefu ya mita tatu huwa tamasha, na kila anayemtazama huacha kusema alichokuwa akisema. Fimbo niliishusha hadi usawa wa kiwiko, maikrofoni ikitazama juu kuelekea vifuani, na baada ya nusu saa tulikuwa tumezoeleka.

Ziwani niliondoa kichujio cha sauti nzito, ambacho wiki nzima kilikuwa hezi 80 kwa ajili ya wasemaji, kwa sababu mtumbwi unapogusa mchanga hutoa mgoto mzito wa chini ambao kichujio kingeula. Nilipiga magoti kwenye maji nikanasa mitumbwi saba ikifika. Kijana alishika orodha, akataja mwanzoni mwa kila faili mahali, saa na mwelekeo wa maikrofoni, kwa sauti ya utulivu ambayo Jumapili hakuwa nayo.

Kisha tukamwona mama mmoja akimwuzia mwenzake chungu kikubwa. Mnunuzi hakukitazama sana. Alikiinua kwa mkono mmoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole mara tatu, akasikiliza, akakirudisha, akachukua kingine akakigonga. Cha kwanza kilikuwa na ufa ambao jicho langu halikuuona. Nilimwomba ruhusa tunase ugongaji ule, naye akaniuliza, "Mnataka kilio cha kizima au cha kilichopasuka?" Nikamjibu, "Vyote viwili, mama." Kijana akasogeza 416 hadi sentimita 30, akaishusha kidogo isitazame mdomo wa chungu moja kwa moja, akavaa hedifoni, akanipa ishara. Mama akagonga kizima, akangoja mlio uishe kabisa bila kuambiwa, kisha akagonga cha ufa.